SEHEMU YA ALIYEBEBA MZIGO

Mafundisho kwa waaminifu, kuelekea Sikukuu ya Wazazi ya tarehe 1 Agosti

Masomo: 1 Samweli 30:21-25, Marko 15:21

 

Tarehe 1 Agosti inakaribia. Sisi Wakongomani tunajua siku hiyo inavyokwenda. Asubuhi watu wanachukua majembe, mapanga na fagio, wanakwenda makaburini kulima majani na kusafisha mahali wanapolala wazazi wetu. Mchana na jioni wanarudi kwa wazazi walio hai: anayepata kuku anachinja kuku, anayepata mpunga na mawese analeta hivyo, na asiye na kitu anakaa karibu na mzee wake na kumsikiliza. Ni desturi nzuri, nayo inatimiza amri ya Mungu ya kuheshimu baba na mama (Kutoka 20:12).

Lakini mwaka huu nataka tuingie sikukuu hiyo na ulizo moja: wale waliobeba mzigo wa inchi hii, sehemu yao iko wapi? Nasema juu ya askari wa zamani, na wapagazi waliowafuata, na wanawake waliobaki nyuma wakilima ili wale wa mbele wale. Wengine wamekwisha kufa. Wengine wangali hai, tunapita mbele ya nyumba zao kila siku, na majani ya paa yamekwisha kuoza.

Tusikie kwanza Neno la Mungu.

DAUDI KWENYE KIJITO CHA BESORI

Daudi na watu wake 600 walirudi katika mji wao Siklagi, wakakuta Waamaleki wamekwisha kuuchoma kwa moto na kuchukua wake zao na watoto wao. Wakalia mpaka nguvu zikawaisha. Kisha wakawafuata wale wanyang'anyi. Walipofika kwenye kijito cha Besori, watu 200 walikuwa wamechoka kabisa, hawakuweza kuvuka. Wakabaki hapo pamoja na vyombo. Wale 400 wakaendelea, wakapigana, Mungu akawapa ushindi, wakarudisha kila mtu na kila kitu.

Sasa, waliporudi, wakasimama kati yao watu wabaya, wakasema wale waliobaki na vyombo wasipewe mali yo yote, ila kila mmoja akamate mke wake na watoto wake aende zake. Daudi alifanya nini? Alikataa. Alisema kwamba ushindi huu si wetu, ni zawadi ya Bwana. Kwa hiyo aliyeshuka vitani na aliyekaa kulinda mizigo watapata sawasawa. Na Maandiko yanatuambia kwamba neno hilo likawa sheria katika Israeli tangu siku ile.

Wapendwa, oneni jambo hili. Daudi mwenyewe alikuwa mpiganaji mkubwa, lakini hakupima heshima kwa upanga peke yake. Mbele ya Mungu, aliyelinda mizigo naye ni mtu wa vita hiyo, na sehemu yake haipungui hata kidogo.

NJIA YA WAPAGAZI INAPITA KWETU

Sisi watu wa Kabambare na Kasongo tunapaswa kulielewa fundisho hili kuliko wengine, kwa maana inchi yetu ni inchi ya wapagazi. Zamani za misafara, njia ya kutoka Nyangwe na Kasongo kwenda Ujiji ilipita Kabambare. Pembe za ndovu zilikwenda juu ya mabega ya watu, na wengi wa watu hao walikuwa watumwa. Kiswahili hiki ninachoandika kilikuja kwetu kwa njia hiyohiyo. Majina ya wakubwa wa misafara yako vitabuni: Tippu Tip yuko, Rumaliza yuko. Majina ya waliobeba hayako.

Kisha wakaja Wabelgiji, wakapigana na Waarabu. Kasongo ilichukuliwa mwaka 1893, na Kabambare mwanzo wa mwaka 1894. Bwana alibadilika, lakini mzigo ulirudi juu ya kichwa kilekile.

Mwaka 1914 vita kubwa ya Wazungu ilianza Ulaya, nayo ikafika mpaka ziwa Tanganyika. Askari wa Force Publique walivuka kupigana na Wadachi, na tarehe 19 Septemba 1916 waliingia Tabora. Mwaka 1917 walikwenda mpaka Mahenge. Watu wengi wanasema «Tabora» kama jina la ushindi. Ni kweli, ulikuwa ushindi. Lakini bunduki hazikutembea zenyewe, wala risasi, wala unga, wala mahema ya wakubwa. Inakadiriwa kwamba katika vita ile Serikali ya kikoloni ilichukua wapagazi karibu 260,000, na wengi wao walitoka upande huu wetu wa mashariki. Hesabu wewe mwenyewe: askari wa Force Publique waliokuwa vitani mwaka 1916 walikuwa maelfu kumi na kitu tu. Kwa kila askari mmoja kulikuwa na watu wengi wenye mzigo kichwani, bila viatu, kwa mvua na kwa homa, na wengine wao hawakurudi.

Ndugu zetu wanaofanya biashara wanajua soko la Kariakoo, Dar es Salaam. Wangapi wanajua kwamba jina hilo linatoka kwa wapagazi wa vita ile, wale wa upande wa Waingereza, walioitwa kwa Kiingereza «Carrier Corps»? Watu wakalitamka kwa namna yao, likawa Kariakoo. Na mjini Nairobi kuna sanamu za shaba za mwaka 1928 za kukumbuka vita hiyohiyo, na mmoja wa watu watatu wanaosimama pale ni mpagazi. Wenzetu walau wamebakiza jina la soko na sanamu moja. Sisi tumebakiza nini?

VITA YA PILI, NA MAMA WALIOBAKI

Vita ya pili ya dunia ilipokuja, Wakongomani waliitwa tena. Mwaka 1941 walivuka Sudani, wakapanda Abisinia kupigana na Waitalia, wakachukua Asosa, wakachukua Gambela, na mwezi wa 7 mwaka ule jenerali wa Waitalia alijitoa mikononi mwao kule Saio. Wengine walikwenda Nijeria, Misri na Palestina, na waganga wetu wakauguza majeruhi mpaka Birmania. Walifanya yote hayo chini ya sheria ambayo haikumruhusu Mkongomani kuwa ofisa. Mpaka mwaka 1960 mtu mweusi wa Force Publique aliweza kufa kama askari, lakini hakuweza kuamuru kama luteni.

Na waliobaki? Mwaka 1942 siku za kazi ya lazima mashambani ziliongezwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Watu walirudishwa msituni kutafuta mpira wa mwitu. Katika Maniema yetu watu walichimba madini ya bati, kwa sababu Wajapani walikuwa wamechukua inchi nyingine zilizokuwa zikiyatoa. Baba akiwa kwenye mashimo au njiani, nani alilisha watoto? Ni mama. Nani alilima shamba la pamba la Serikali na shamba la mihogo la nyumba? Ni mama. Nauliza tena: askari wa zamani ni nani? Ni yule wa bunduki peke yake? Daudi anajibu kwamba aliyekaa na vyombo anapata sehemu sawasawa.

Tarehe 8 Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji, akiwa Kinshasa mbele ya mnara wa askari wa zamani, alimvika nishani Koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100, aliyesemwa kuwa ndiye wa mwisho aliyebaki kati ya wapiganaji wetu wa vita ya pili. Tulifurahi kumwona mzee yule akipewa heshima. Lakini moyo wangu ulijiuliza: nishani inamfikia mtu akiwa na miaka 100! Na wenzake wote ambao mkono wa heshima uliwakuta wamekwisha kulala kaburini? Mhubiri anatueleza habari za mji mdogo uliozingirwa na mfalme mkubwa. Maskini mmoja mwenye hekima akauokoa mji ule, na baadaye hakuna mtu aliyemkumbuka maskini yule (Mhubiri 9:14-16). Mhubiri aliyaona hayo zamani sana, nasi tunayaona leo.

MTU MMOJA ALIYETOKA SHAMBA

Sasa tumtazame mpagazi mwingine. Bwana Yesu alipokuwa akipelekwa kusulubiwa, askari wa Roma walimkuta mtu akipita zake, anatoka shamba. Hawakumwuliza kama anapenda. Walimkamata kwa nguvu, wakambebesha msalaba. Huyo ni Simoni wa Kurene, na Kurene ni mji wa Afrika.

Tunajua sana jambo hilo la kukamatwa njiani ukitoka shamba! Wale wa umri wangu tulikuwa vijana wakati wa vita za mwaka 1996 mpaka 2003. Kila kikundi chenye bunduki kilipopita, kilikuwa na neno moja: wewe, njoo, beba. Beba mfuko wa mpunga, na mpunga wenyewe umetoka katika ghala yako. Beba sanduku la risasi, nazo zitampiga ndugu yako wa kijiji cha pili. Wengine walibeba siku tatu, wengine mwezi, na kuna mama ambao mpaka leo wanatazama njia.

Lakini ona Mungu alivyofanya kwa habari ya Simoni. Askari wale waliomkamata, Injili haikuandika majina yao. Simoni mpagazi, jina lake limeandikwa, na mji wake umeandikwa, na Marko ameandika hata majina ya watoto wake, Aleksanda na Rufo. Katika kitabu cha wakubwa wa dunia hii, mpagazi ni hesabu. Katika kitabu cha Mungu ana jina na ana watoto. Basi sisi tulio kanisa, tutatumia kitabu kipi?

NANI TUMHESHIMU? ULIZO LA VIJANA WETU

Hapa nafika mahali pagumu, nami sitaki kupazunguka. Vijana wetu wanauliza: «Shemasi, unasema tuwaheshimu watu wa vita. Wale walio msituni na bunduki, nao tuwaheshimu?» Ulizo hili ni la haki. Teritware yetu imeona vikundi vingi. Watu wa Salamabila na wa njia ya Namoya wanajua nasema nini. Na tangu vita ilipowaka tena Kivu, kijana anasikia kila siku kwamba mwanaume wa kweli ni yule mwenye silaha. Tukiwaheshimu wapiganaji bila kutenganisha, tutakuwa tunawafundisha watoto kwamba njia ya heshima inapita kwenye mdomo wa bunduki. Tukikataa kuwaheshimu wote, tutakuwa tumemtupa mzee aliyetumika kwa haki. Tufanye namna gani?

Nawapa kipimo kimoja, kinachotoka katika masomo yetu ya leo. Usiulize mtu alikuwa na bunduki ya namna gani. Uliza: alibeba, au alibebesha? Aliyebeba ni yule aliyekubali uzito ili wengine wapumzike. Aliyebebesha ni yule aliyetumia nguvu yake ili wengine wabebe uzito wake. Wote wawili wanaweza kuvaa nguo moja ya kijeshi. Mbele ya Mungu hawafanani kabisa.

Historia ya Maniema ina mfano wa uchungu. Tarehe 11 Novemba 1961 Waitalia 13 wa Umoja wa Mataifa walifika Kindu kwa ndege. Walikuwa wameleta mahitaji kwa walinzi wa amani kutoka Malaya. Tazama, walikuwa wapagazi, wapagazi wa angani! Askari wa pale waliwashika, wakawaua wote. Waliouawa walikuwa wamekuja kubeba. Waliowaua walikuwa wamevaa nguo ya kulinda. Kule kwao Italia, mjini Pisa, walijengewa kanisa la ukumbusho ambalo lina jina la Kindu yetu. Watu wa mbali wanasema jina «Kindu» wakiwa wanalia. Inaumiza, lakini tuliseme kwa watoto wetu, kwa sababu heshima isiyosema ukweli si heshima.

Yohana Mbatizaji naye, askari walipomwuliza wafanye nini, aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasimshitaki mtu kwa uongo, na watosheke na mshahara wao (Luka 3:14). Hakuwafukuza kwa sababu ni askari. Aliwapa kipimo. Na wakubwa wasikie pia: mshahara ambao askari anapaswa kutosheka nao, unapaswa kumfikia. Inchi yetu ilionja mwaka 1991 na mwaka 1993 namna askari wenye njaa walivyopora miji. Mwenye kosa ni aliyepora. Lakini aliyekula mshahara wa maskini hawezi kunawa mikono.

Na kijana aliyetoka msituni? Anarudi nyumbani, anaogopa macho ya watu, mama yake anamficha nyuma ya jiko. Kipimo ni kilekile. Akikaa akijisifu kwa aliowatisha, hatuna nishani ya kumpa. Lakini akiweka silaha chini, akaenda kwa wale aliowabebesha akaomba samahani, akakubali kutengeneza alichoharibu, akakamata jembe, huyo ameanza kubeba. Tumpe mahali benchini. Tusimwite kila siku kwa jina la kikundi chake cha zamani. Ana jina alilopewa na baba yake. Lakini pia tusimfanye shujaa kuliko yule rafiki yake aliyekataa kwenda msituni, akabaki kusukuma baiskeli yenye mawese na mpunga, siku nyingi kwa miguu, ili alipe masomo ya wadogo zake. Huyo msukuma-baiskeli ni mpagazi wa leo. Mara ngapi tumemsifu kanisani?

PAPA SIMON KIMBANGU HAKUSHIKA BUNDUKI

Sisi Wakimbangu hatuwezi kusema hatuna mfano. Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake kule Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Alifanya kazi miezi michache tu. Mwezi wa 9 alikamatwa, mwezi wa 10 akahukumiwa kufa, kisha hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Alibeba kifungo hicho miaka 30, mbali na kwao, mpaka alipofariki Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Maelfu ya waaminifu walihamishwa, wakatupwa katika inchi zisizo zao. Serikali ilifikiri inautawanya moto. Kumbe ilikuwa inabeba makaa mpaka pembe zote za Kongo.

Hakuna bunduki hata moja katika habari hiyo. Na leo? Tangu mwaka 2023, tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya inchi nzima. Wale waliohukumu hawana sikukuu. Ee vijana, mnaotafuta heshima, someni hapo!

Mtaniambia: «Lakini shemasi, askari ni lazima, inchi inavamiwa.» Sibishani na kazi ya wanaolinda mipaka, tunawaombea, na wengi wao ni watoto wa kanisa hili. Nasema tu kwamba heshima ya askari mwema na heshima ya nabii asiye na silaha zina shina moja: kila mmoja amebeba kwa ajili ya wengine. Ukikata shina hilo, bunduki inabaki kipande cha chuma tu.

TUFANYE NINI? UPENDO, AMRI, KAZI

Kanisa letu linatufundisha maneno matatu: Upendo, Amri na Kazi. Tuyapitie yote matatu, tusije tukasikia na kusahau.

Kwanza, Upendo. Katika parokia moja ninayoifahamu kuna mzee aliyekuwa askari wakati wa vita za Shaba, mwaka 1977 na 1978. Alifuata malipo yake ya uzeeni ofisi kwa ofisi, mpaka karatasi zikachanika kwa kukunjwa. Sasa macho hayaoni vizuri. Jumapili anakaa karibu na mlango, na fanfari inapopita anasimama wima kama kijana. Watoto wanamcheka. Mimi nasema, watoto hawana kosa, hakuna aliyewaambia ni nani yule. Upendo unaanza na kuambiana. Kila mzazi amweleze mtoto wake: huyu alifanya hivi, yule babu yake alibeba mizigo mpaka Tabora, mama yule alificha watoto wa watu porini wakati wa vita. Walawi 19:32 inatuamuru kusimama mbele ya mwenye mvi. Mtoto atasimamaje, kama hajui kwa nini?

Pili, Amri. Bwana Yesu aliwakemea watu waliosema mali yao imekwisha kutolewa kwa Mungu, kwa hiyo hawana cha kuwasaidia wazazi (Marko 7:9-13). Neno hili linatugusa sisi watu wa nsinsani. Tunashindana kutoa, wanaume na wanawake, vijana na wazee, na ni jambo jema linalojenga kanisa. Lakini mtu asitoe nsinsani kwa sauti kubwa, huku baba yake mzee analala bila kula! Sadaka ile ina mashimo. Paulo anamwambia Timoteo kwamba watoto na wajukuu wajifunze kwanza utauwa nyumbani kwao, na asiyetunza watu wa nyumba yake ameikana imani (1 Timoteo 5:4,8).

Tatu, Kazi. Naomba mambo manne, yanayowezekana hata kwetu tusio na feza.

1. Daftari. Kila parokia inunue daftari moja kabla ya tarehe 1 Agosti. Mwandishi na vijana wawili wapite nyumba kwa nyumba waandike: askari wa zamani walio hai, wajane wao, na majina ya mababu waliobeba mizigo ya vita, kadiri wazee wanavyoyakumbuka. Waandike pia waliochukuliwa kubeba tangu mwaka 1996 wasirudi. Fanyeni upesi! Mzee akifa bila kuulizwa, ukurasa mzima unakwenda naye.

2. Shamba. Vijana wa parokia walime asubuhi moja kila mwezi kwa mzee au mjane asiye na nguvu. Mihogo ikiwa shambani, sombe iko, na heshima iko.

3. Paa. Kabla ya mvua kubwa kurudi, nyumba moja kwa kila parokia iezekwe. Moja tu. Mwaka ujao, nyingine.

4. Sala. Tarehe 1 Agosti, tukiwa makaburini, daftari lisomwe kwa sauti, jina kwa jina. Na siku inayofuata, tarehe 2 Agosti, ambayo inchi yetu imeiweka kukumbuka Wakongomani waliouawa katika vita, tusome majina ya waliochukuliwa wasirudi.

Najua mtu atasema: «Sisi wenyewe ni maskini, deni hili ni la Serikali.» Ndiyo, Serikali ina deni, na tuliseme bila woga na bila matusi. Mzee aliyetumikia inchi hapaswi kuwa mwombaji. Lakini Daudi hakuwaambia wale 200 wangoje mpaka atakapokuwa mfalme. Aligawa siku ileile, kijitoni palepale, katika vitu vilivyokuwa mkononi. Yakobo naye anatuonya juu ya kumwambia mwenye njaa aende kwa amani na kushiba, bila kumpa kitu (Yakobo 2:15-16). Na wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumegeuza: mzee tumempa maneno miaka mingi, jembe hatujamshikia hata siku moja.

Wapendwa, mtoto anayesikia jina la babu yake mpagazi likisomwa makaburini, mbele ya watu wote, atajua kwamba mtu anaweza kuwa mkubwa bila kutisha mtu. Huo ndio ukuta tunaoweza kujenga kati ya mtoto huyo na msitu. Jina lisiposomwa, mwingine atakuja kumwita kwa jina lingine, atampa bunduki, na atamwambia hiyo ndiyo heshima.

Tuombe: Ee Mungu Baba, wewe uliyeandika jina la Simoni wa Kurene katika Injili yako, ukumbuke mababu zetu ambao mizigo yao unaijua na majina yao hatuyajui. Wape pumziko. Uwatie nguvu wazee walio kati yetu, wasife kabla hatujawashukuru. Uwarudishe watoto wetu walio msituni, uwape jembe badala ya silaha. Uwape wanaolinda inchi yetu moyo wa kubeba, uwaondolee moyo wa kubebesha. Na sisi utufundishe kubebeana mizigo, maana ndivyo tutakavyoitimiza sheria ya Kristo (Wagalatia 6:2). Amina.

Ndugu yenu katika kazi ya Bwana,
Shemasi, Kabambare